Weji Yenye Soli Nyekundu

Watu wakiniuliza kama kisasi ni kitamu, huwa nawaambia wakamuulize jirani yangu wa barazani. Mimi nilionja tu, nimesimama pembeni na mkasi mkononi, na mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu juu ya cherehani. Aliyekula sufuria nzima ni yeye, na hakumwachia mtu hata ukoko. Wateja wanamwita Mama Soli. Yeye ni fundi viatu, mimi ni fundi cherehani, na baraza letu ni moja. Upande wake unanuka gundi, upande wangu umejaa nyuzi, na katikati kuna ndoo ya maji ambayo kila mmoja wetu anasema ni zamu ya mwenzake kuijaza.

Ufundi aliupata kwa baba yake. Baba alipokufa, na mama akafuata, yeye alikuwa bado msichana mdogo, na mgongoni amembeba mdogo wake wa kiume, kitinda mimba. Watu walimcheka kwamba mtoto wa kike anashika viatu vya watu vinavyonuka. Aliwaacha wacheke. Kila kiatu alichokishona kilikuwa chakula cha yule mdogo wake, na kalamu yake, na shati lake la shule. Alipoolewa alihamia naye kwa mume, na mume hakuguna. Na mume alipopata nafasi ya kumwingiza shemeji yake kazini, Mama Soli alimshonea kijana buti za ngozi nene, soli mbili, mshono wa mkono kuzunguka pande zote. Nilimwambia kwamba mimi hata mume wangu sijawahi kumfanyia hivyo. Alinijibu kwamba kwa jinsi anavyomjua mume wangu, nimefanya vizuri.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye karakana ya malori iliyo ng'ambo ya barabara. Ukikaa barazani unaliona geti lake. Mume wa Mama Soli ndiye aliyekuwa msimamizi wa mafundi pale, na tulimwita Taratibu, kwa kuwa ndilo neno lake. Ungemkimbilia umwambie nyumba inaungua, angekuambia taratibu kwanza, inaungua upande gani.

Sasa hapa lazima nieleze weji ni nini, maana bila weji sina la kusimulia. Neno ni la Kizungu. Wapasua kuni wana neno lao, kabari, na kabari yao ni ya chuma, kazi yake kuingia kwenye gogo na kulipasua. Karakana haina haja ya kupasua kitu. Pale weji ni kipande cha mti mgumu, kinene upande mmoja, chembamba upande wa pili, unakisukumia chini ya tairi ili gari lisisogee wakati mtu yuko uvunguni. Seremala naye anaita weji kile kipande anachokipigilia juu ya mpini ili kichwa cha nyundo kisichomoke. Mama Soli akisema weji anaweza kuwa na maana ya viatu vya kike, vile ambavyo kisigino chake kinaanza juu nyuma na kuteremka mpaka vidoleni bila kuacha uwazi. Mimi weji yangu ni karatasi iliyokunjwa chini ya mguu wa cherehani. Zote zinafanana umbo, na zote ni vitu vidogo vinavyoshika vitu vikubwa visiende vinakotaka kwenda.

Sakafu ya karakana ile imejengwa kwa mteremko ili maji yatiririke nje, kwa hiyo weji pale ni roho ya mtu. Kila fundi huchonga ya kwake, kwa mti alioukausha mwenyewe mpaka ukawa kama mfupa. Ukiona fundi anamwazima mwenzake weji, ujue wanapendana kweli. Na fundi hatupi weji nzuri, hata kama ni ya adui yake. Sheria yao ni moja tu, Taratibu ndiye aliyeiweka: anayeweka ndiye anayetoa. Hata gari likae hapo mwaka mzima, hata mwenye gari alie machozi, weji haiguswi mpaka aliyeiweka aje aitoe kwa mkono wake.

Asubuhi moja Taratibu alikuja barazani na weji yake kwapani. Mafuta yalikuwa yamemwagika sakafuni siku iliyotangulia, na mti mtupu unateleza kwenye mafuta. Akamwomba mkewe aivalishe mpira chini. Mama Soli akapekua sanduku lake, akatoa kiatu cha weji cha mteja aliyekitelekeza, soli yake nyekundu ya mpira mzito. Akaikata vipande viwili, kimoja akakirudisha sandukuni, kingine akakipigilia kwenye weji ya mumewe. Misumari yake anaipiga miwili miwili kwenye pembe na mmoja peke yake katikati, kama alivyofundishwa na baba yake. Mimi nililalamikia kelele za nyundo, halafu nikaiona ilivyotoka, nikacheka nikamwambia shemeji leo weji yako inakwenda harusini. Akaicheka naye, akaitia kwapani, akavuka barabara. Nilimwona kwa macho yangu haya akiingia getini. Alikuwa wa kwanza kufika kazini, kama siku zote.

Sikumaliza hata kushona pindo la gauni nililokuwa nalo. Tulisikia ukelele, tukaona watu wanakimbilia ndani. Lori lilikuwa limeserereka nyuma, na tairi limepanda mguu wake. Aliyeita watu ni yule shemeji yake, mdogo wake Mama Soli, na ndiye aliyelia kuliko wote. Hospitali walimkata mguu chini ya goti. Kichwani alikuwa amejigonga pia, na alipozinduka alikumbuka chai ya asubuhi tu, baada ya hapo giza.

Tulipokwenda karakana kuuliza ilikuwaje, mwenye karakana alisema kwamba fundi hakuweka weji. Mama Soli akasema aliweka, maana yeye mwenyewe aliipigilia soli asubuhi ile ile, soli nyekundu. Nami nikasema nilishuhudia. Mdogo wake akamshika bega kwa upole, upole ule, na akamwambia maneno ambayo sitayasahau.

"Dada, mimi ndiye niliyefika wa kwanza pale kwenye lori. Chini ya tairi hapakuwa na kitu. Kama alikuwa nayo, iko wapi? Labda aliidondosha njiani."

Njia yenyewe ni barabara moja ya kuvuka. Mchomeleaji wa pale akacheka, akasema weji yenye soli nyekundu hajawahi kuisikia, labda ilikuwa na kisigino na mkoba wake. Wakacheka wote. Mwenye karakana akasema ushahidi wa mke na rafiki yake hauwezi kuzidi macho ya mafundi. Ikaishia hapo. Aliyewafundisha wote kuweka weji akaanza kuitwa Bila Weji, na wakati bado yuko kitandani, nafasi yake ya usimamizi akapewa shemeji yake.

Mimi yule kijana nilimshuku tangu siku ile. Lakini utaanzaje kumwambia mtu habari za damu yake? Nikameza.

Taratibu alirudi nyumbani na magongo. Angeweza kufanya kazi za kukaa, mikono yake ilikuwa mizima, lakini alikataa kabisa kusogelea karakana. Watoto wa mtaani wakipita walimpigia kelele lile jina. Yote hayo Mama Soli aliyavumilia. Alichoshindwa kukivumilia ni siku mumewe alipomwambia, akiwa anatazama ukuta, "Huenda kweli niliisahau, mke wangu. Huenda niliiacha kwako barazani, nyinyi mnanionea huruma tu."

Siku hiyo alikuja kazini macho mekundu, akakaa, akachukua nyundo, akapiga msumari mmoja mpaka ukazama wote ndani ya soli ya mteja. Kisha akaniambia, "Kuna mtu ameichukua weji ile. Siku nikimjua nitamtembeza pekupeku mbele za watu." Sijawahi kumsikia akiapa kabla ya hapo. Niliamini.

Siku za mwizi ni arobaini, lakini huyu wetu alipewa na nyongeza. Siku moja Mama Soli alimpelekea wifi yake, mke wa huyo mdogo wake, ndala alizokuwa amemshonea. Kulikuwa na upepo. Mlango wa sebule ulikuwa wazi, na chini yake kuna kipande cheusi cha mti kimeuzuia usijibamize. Alikaa, akaletewa maji, akanywa, huku macho yake yanarudi pale pale mlangoni. Misumari miwili kwenye pembe, miwili kwenye pembe nyingine, mmoja peke yake katikati. Akainama akakwangua kwa ukucha. Chini ya rangi nyeusi kulikuwa na wekundu.

"Wifi, unatafuta nini?" mwenye nyumba akamuuliza kutoka jikoni.

"Sindano, wifi. Nimeiona. Hii weji ya mlangoni nzuri, mmeipata wapi?"

"Mdogo wako huyo, alikuja nayo zamani. Sijui ana nini nayo. Siku moja nilitaka kuwashia moto, alinifokea kama nimemtukana mama yake."

Mnaona sasa. Angeichoma, asingejulikana mpaka kiama. Alijaribu kuibandua soli ikamshinda, akaipaka rangi. Lakini kuitupa hakuweza, kwa sababu ni fundi, na ule mti ulikuwa mzuri, na mkono wa fundi haukubali. Uchoyo wa kipande cha mti ndio uliomfunga.

Mama Soli alirudi barazani akanisimulia kwa sauti ya kawaida, kama anayenihesabia viatu vilivyokwisha. Mimi nilisimama na mkasi wangu nikasema twende sasa hivi. Akaniambia, "Taratibu." Nikamuuliza taratibu ya nini, mtu amekula mguu wa mumeo. Akasema, "Nikienda nyumbani kwake atalia, wifi atalia, nitaambiwa tuyazike. Sitaki kilio. Nataka mafundi waliocheka wawepo wote."

Basi akasubiri siku ya weji. Kila mwisho wa mwezi, mchana, mafundi hupanga weji zao chini uani, mwenye karakana anakaa kitini, na msimamizi anapita moja moja akiuliza hii ya nani, aliyeichonga nani. Iliyopata ufa inachomwa hapo hapo. Huo utaratibu ni wa Taratibu, aliuanzisha yeye. Kabla siku hiyo haijafika, yule kijana alipita barazani na buti zake kung'arishwa. Dada yake alizing'arisha, akamuuliza habari za watoto, akamcheka kwa kunenepa. Mimi nilijichoma sindano kidoleni kwa kumtazama. Ana roho ngumu mwanamke yule, nakuapia.

Asubuhi ya siku ya weji alikwenda kwa wifi yake akamwambia soli ya ile weji imelika, nipe nikaitengeneze, na nitampelekea mwenyewe kazini. Wifi akampa na ahsante juu. Kisha akarudi nyumbani akamwambia mumewe avae shati safi. Taratibu alikataa. Akamwambia, "Mara moja tu, mume wangu, halafu sitakusumbua tena maishani." Tukavuka barabara watatu, yeye na magongo, mkewe na weji kwenye kitambaa, na mimi na mkasi. Sikuwa na kazi nao, lakini mikono mitupu niliiona haifai.

Uani walikuwa wamejipanga. Walipomwona bosi wao wa zamani wakaangalia chini. Kijana alikuwa mbele, buti zinang'aa.

"Karibu dada. Karibu shemeji. Kuna nini leo?"

"Nimekuletea weji yako," Mama Soli akasema, akafungua kitambaa. "Nimeikuta kwako. Wifi kanipa kwa mkono wake."

Kijana alitupa jicho kitini kwa mwenye karakana.

"Hiyo ni ya mlangoni tu, dada. Ungeiacha."

"Leo si siku ya weji? Nayo ipangwe na wenzake. Ni yako au si yako?"

Mwenye karakana alikuwa anatazama, mafundi wanatazama. Angesema si yake, angeulizwa ni ya nani. "Ni yangu," akasema.

"Aliyeichonga nani?"

"Niliichonga mwenyewe. Zamani."

"Mmemsikia," Mama Soli akawaambia mafundi. Akamgeukia fundi rangi, akamwomba kitambaa chenye thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Akapiga magoti, akaifuta ile weji upande wa chini, bila haraka. Weusi ukatoka wote kwenye kitambaa. Soli ikabaki pale, nyekundu, kila mtu anaiona. Kisha akaingiza mkono kwenye aproni akatoa kile kipande cha pili, kilichokuwa kimekaa sandukuni siku zote, akaviunganisha. Mkato wa kisu ulikuwa umepinda kidogo katikati, na ulikaa sawasawa pande zote mbili.

Mchomeleaji, yule yule wa kisigino na mkoba, alivua kofia yake. "Soli nyekundu," akasema polepole.

"Dada, tuyamalize nyumbani," kijana akanong'ona.

"Nyumbani ndiko ulikoificha."

Mwenye karakana akainuka kitini. Akamuuliza ilifikaje kwake. Kijana akaongea akiitazama sakafu. Alikuwa na pikapu upande wa chini, weji yake mwenyewe ilikuwa mbali, stoo. Akaona weji chini ya tairi la lori, akadhani shemeji yake ametoka uvunguni. Hakuchungulia. Akaichomoa.

"Halafu?"

"Halafu niliogopa."

"Na ulipokalia kiti chake ulikuwa bado unaogopa?" Hapo aliyeuliza ni mimi. Sikualikwa kusema, lakini sikualikwa kunyamaza pia.

Taratibu alikuwa ameegemea magongo. "Kwa hiyo niliiweka," akasema.

"Uliiweka, mume wangu."

"Niliiweka." Akakaa juu ya tairi kuukuu, akafunika uso, akalia kwa sauti mbele ya wanaume aliowafundisha kazi. Na mimi nililia, sioni aibu kusema. Asante ya punda ni mateke, tunajua, lakini huyu punda alilelewa kwa mshono wa viatu, kiatu baada ya kiatu.

Mama Soli hakulia. Alisimama mbele ya mdogo wake akasema, "Vua."

"Nini, dada?"

"Buti zangu. Nilizishona kwa ajili ya mdogo wangu. Vua."

Kijana alimtazama mwenye karakana, akawatazama mafundi, hakuna aliyemsaidia hata kwa jicho. Akainama akazifungua kamba, akazivua moja moja, akampa. Sakafu ile ina chembechembe za chuma, ina skrubu, ina mafuta, na jua la mchana lilikuwa limeipika tangu asubuhi. Alitembea pekupeku mpaka getini akirukaruka, akisimama kujichomoa mguuni, akirukaruka tena. Aliyecheka ni mimi peke yangu, na nilicheka kwa niaba ya wengi.

Hakufukuzwa kwa maneno. Alirudi baada ya siku chache, lakini hakuna fundi aliyekubali kulala uvunguni akiwa yeye yuko uani. Akiingia, wanatoka chini ya magari, wanakaa, wanangoja aondoke. Mwisho akaacha kuja. Taratibu sasa anakaa kwenye kigoda karibu na geti, gari halipandishwi jeki mpaka aseme ndiyo. Lile jina la kejeli nimelisikia mara moja tu tangu siku ile, kwa mtoto mmoja, na mchomeleaji ndiye aliyemkimbiza. Mafundi wamevalisha weji zao soli, wote, na wote wanataka nyekundu, mpaka Mama Soli ananiudhi kwa kelele za nyundo.

Ndugu walikuja, bila shaka. Walisema damu nzito kuliko maji. Mama Soli akawajibu kwamba uzito wa damu anaujua, aliifua kwenye suruali ya mumewe. Wakanywa maji yetu ya ndoo wakaondoka.

Buti alizitundika kwenye msumari, juu ya kichwa chake, pale barazani. Kila wiki anazipaka rangi. Wateja wamezitaka, amekataa kuziuza.

Juzi mdogo wake alikuja. Amekonda, miguuni ana kandambili za plastiki. Alisimama mbele ya meza, nami nikasimamisha cherehani ili nisikie vizuri.

"Dada," akasema, "nimepata kibarua mahali, cha kubeba mizigo. Nimefuata buti zangu."

Mama Soli aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akainama akachungulia chini ya meza. Buti zilikuwa zinaning'inia juu ya kichwa chake, zinang'aa. Kisha akachukua kiatu cha mteja, akakiweka magotini, akanyanyua nyundo.

"Sijaziona," akamwambia. "Labda ulizidondosha njiani."